Barua kwa mwanangu: Nje ya wodi ya wazazi

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma jana baada ya alasiri, nikausoma tena usiku. Umeniuliza: "Baba, mtoto ana wiki tatu. Mama yake akisikia kilio anajua ni njaa au ni tumbo. Mimi nikimbeba naona kama nimeshika mtoto wa jirani. Wewe ulianza lini kuwa baba?"

Sitakuficha. Siku unazaliwa, hapa Tanga, nilikaa kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi tangu adhuhuri, na kapu lenye chupa ya uji na khanga. Angalia jina lenyewe: wazazi, na mle ndani wanaingia wanawake tu. Nilipokabidhiwa nilikuadhinia sikio la kulia, sauti inatetemeka, na moyoni nilisikia hofu. Mapenzi yalikuwa bado. Mama yako alikubeba miezi tisa, sauti yake ulishaizoea tumboni, na siku ile alitoka na mguu mmoja kaburini. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa naanza.

Arobaini yote nyumba yetu ya Ngamiani ilikuwa ya wanawake. Bibi yako anamkanda mzazi kwa maji ya moto, mashangazi wanakoroga uji wa pilipili manga, mimi natumwa mkaa. Alfajiri naenda bandarini kupakia robota za mkonge kwenye matishari, usiku narudi umelala. Nikaamini kuleta hela ndiyo ubaba wote.

Ulipofika mwaka na miezi miwili, mama yako akalazwa kwa malaria, bibi yako akaenda kumuuguza. Tukabaki wawili, siku nne. Usiku wa kwanza ulikataa uji, ukakataa maziwa, ukalia mpaka sauti ikakauka. Nilijitanda khanga ya mama yako begani ili usikie harufu yake, nikawa nauzunguka mwembe wa uani. Mkono wako ukapapasa shingoni, ukalishika sikio langu la kushoto, ukalifinya kwa vidole viwili. Kilio kikakatika. Nilisimama palepale mpaka adhana ya alfajiri, naogopa hata kugeuza kichwa.

Usiku wa tatu ulilia, nikajua kabla sijawasha taa kwamba umejikojolea, njaa huna. Ndiyo siku niliyoanza, mwanangu. Mwaka mzima na ushei nyuma ya mama yako.

Kwa hiyo usijipime na mkeo. Alilolipitia hatutalipitia, na mimi sitasema tuko sawa. Kinachoniuma ni kwamba mwanamume anaondolewa mapema mno. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya siku 84 yenye malipo, 100 akizaa pacha. Zile 84 ni haki yake, wala si nyingi. Baba ana siku 3. Zako umezimaliza kwa kupokea wageni na kukimbia dukani, utamjulia wapi mtoto?

Mama yako anakuja Jumapili kwa basi la asubuhi kumkanda mkwewe. Atataka kumwogesha mtoto yeye; nimeshamwambia kazi hiyo ni yako. Maji yapime kwa kiwiko, saa ya mkononi uivue kwanza.

Baba yako