Uliza Bi Mwalimu: Vyeti vya kwenda kufundisha Thailand

Bi Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza na Fasihi. Nilimaliza chuo 2019, nimesajiliwa na TSC, tume ya walimu ya Kenya, na bado nasubiri kuajiriwa. Kwa sasa nafundisha kwa kandarasi ya bodi ya shule, mshahara huja siku bodi ikipenda. Nimepata wakala anayesema ana nafasi za kufundisha Kiingereza Thailand. Anataka shilingi 45,000 kwa M-Pesa pamoja na vyeti vyangu halisi, kisha niende kwa viza ya utalii, "mengine yatatengenezwa huko huko." Cheti cha tabia njema nilishakichukua mwaka jana. Ila kwenye cheti cha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, nina majina matatu na kwenye digrii nina mawili. Nianzie wapi?
Mwalimu wa Bodi, Voi

Marahaba, mwanangu. Anzia pale ulipomalizia, kwenye majina. Huyo wakala nitamrudia, na sitamrudia kwa upole.

Mimi naitwa Mwanaisha, neno moja. Hivyo ndivyo nilivyoandikwa tangu darasa la kwanza mpaka chuoni. Lakini karani aliyejaza cheti changu cha kuzaliwa aliandika Mwana Isha, maneno mawili. Kitambulisho kikafuata cheti, pasipoti ikafuata kitambulisho, na miaka yote hiyo sikuona tatizo. Nani anahesabu nafasi kati ya herufi? Anahesabu mama wa ofisi katika shule moja ya Khon Kaen, kaskazini mashariki mwa Thailand. Aliweka digrii na pasipoti mezani, kidole kimoja hapa, kingine pale, akanitazama kwa tabasamu (kule hata habari mbaya huja na tabasamu) akaniuliza huyu mwanamke wa pili yuko wapi. Ikabidi nipande basi la usiku hadi Bangkok, kilomita kama 450, nikaape ubalozini kwetu kwamba Mwanaisha na Mwana Isha ni mtu mmoja. Kiapo hicho hicho ningeweza kukiapa Mombasa kwa wakili, asubuhi moja, nikarudi nyumbani kabla ya chai ya saa nne.

Basi tandika mkeka, toa kila karatasi uliyo nayo, uzisome herufi kwa herufi ukiwa na pasipoti mkononi. Hiyo ndiyo ya kufuatwa. Kwa kuwa jina lako moja limeachwa tu wala hukulibadilisha, hati ya kiapo kwa kawaida hutosha. Aliyebadilisha jina kabisa ana kazi kubwa zaidi, kwani anahitaji hati ya kubadilisha jina iliyosajiliwa na kutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali.

Ukimaliza majina, zigawe karatasi zako kama muuza samaki anavyogawa mzigo: kuna ng'onda, yaani samaki waliokaushwa, na kuna mbichi. Digrii, transkripti, cheti cha KCSE, cheti cha kuzaliwa na usajili wa TSC ni ng'onda. Ukizishughulikia leo, mwakani bado zinafaa. Cheti cha tabia njema ni samaki mbichi. Wengi wanaokipokea hutaka kilichotolewa miezi mitatu iliyopita, au sita wakiwa wapole, kwa hiyo hicho chako cha mwaka jana kiweke kwenye albamu pamoja na picha za mahafali. Utaomba kingine kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa shilingi 1,050, uchapishe fomu ya C24 na upeleke vidole vyako Huduma Centre, lakini fanya hivyo mwishoni, shule ikishakukubali. Na usiende siku uliyotoka kukuna nazi au kulima, maana kidole chenye mikwaruzo hakitoi alama nzuri.

Sasa mihuri, ambayo ndiyo inayomaliza nauli za watu. Kila ofisi hushuhudia sahihi ya ofisi iliyotangulia tu, haishuhudii elimu yako. Wizara ya Mambo ya Nje haimjui msajili wa chuo chako, na ubalozi haumjui mtu yeyote hapa nchini isipokuwa Mambo ya Nje. Ndiyo maana huwezi kuruka ngazi. Chuo kinathibitisha, wenye mamlaka ya elimu wanathibitisha (matokeo ya KCSE ni kazi ya KNEC, baraza la mitihani, na ombi hufanywa mtandaoni), ndipo Mambo ya Nje wanagonga, ndipo ubalozi wa Thailand pale Nairobi. Kabla hujapanda treni ya usiku, waulize ubalozini kwa maandishi wanataka karatasi zipi, nakala ngapi, na kama kuna ya kutafsiriwa. Jibu lao lichapishe ulibebe. Karani akikwambia jambo jingine, mwonyeshe.

Wewe una bahati moja ambayo huenda huijui. Digrii yako ni ya ualimu. Baraza la Walimu la Thailand, linaloitwa Khurusapha, hutaka mwalimu mgeni awe na leseni au kibali cha muda cha miaka miwili, na mwenye digrii ya biashara husumbuka hapo kuliko wewe. Bahati mbaya ni kwamba Kenya haihesabiwi miongoni mwa nchi ambazo Kiingereza ni lugha ya mama, hata kama umemfundisha Shakespeare kidato cha nne. Utaulizwa mtihani, na shule nyingi hutaja TOEIC ya alama 600 kwenda juu. Nilinuna nilipoambiwa, kisha nikaufanya. Matokeo yake huhesabika kwa miaka miwili, tuseme ni samaki wa barafu.

Safari yenyewe ni kwa viza inayoitwa Non-B. Shule ndiyo inayokuandikia barua na kukupa karatasi zake za usajili ili uiombe. Ukiingia unapewa siku 90, shule inakutafutia kibali cha kazi, kisha muda unaongezwa hadi mwaka. Kwa kibali hicho daktari wa kule atakupima ukoma, kifua kikuu, dawa za kulevya, ulevi sugu, kaswende iliyokomaa na matende. Niliposikia matende nilicheka peke yangu kwenye kile kiti cha kliniki. Mtoto wa pwani nimesafiri kote kule, nakutana na matende!

Tazama pia kalenda. Mwaka wao wa shule huanza katikati ya Mei na muhula wa pili karibu na Novemba, kwa hiyo shule hutafuta walimu Machi, Aprili na Oktoba. Ng'onda zako ziwe tayari kabla ya hapo.

Haya, wakala. Viza ya utalii haikuruhusu kufanya kazi, hata ya siku moja, na atakayekamatwa ni wewe. Hilo ni dogo. Tangu 2022 serikali yetu imekuwa ikiwaokoa Wakenya walioahidiwa kazi Thailand, wakavushwa mpaka hadi Myanmar na kufungiwa huko wafanye utapeli wa mtandaoni. Wengi walipitia mji wa Mae Sot, magharibi kabisa. Mwulize wakala wako jina la shule, mkoa na namba ya simu ya ofisi, kisha upige mwenyewe. Shule yoyote ya Thailand ina mtu anayejua Kiingereza cha kukwambia ndiyo au hapana. Angalia pia kama amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, kwani orodha yao iko mtandaoni. Vyeti halisi usimpe. Usimpe hata kwa siku moja, hata akikuandikia risiti. Mpe nakala, na siku ya safari zile halisi zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege.

Bi Mwalimu, dada yangu anasema Korea Kusini wanalipa vizuri kuliko Thailand. Nifanye kozi ya TEFL, ile ya kufundisha Kiingereza kwa wageni, ya saa 120 mtandaoni ili niombe huko?
Fatma, Malindi

Fatma mwanangu, dada yako hakukosea kuhusu malipo. Lakini viza yao ya walimu wa Kiingereza, E-2, hutolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Kozi haitakubadilisha uraia, kwa hiyo usilipe hata senti kwa ajili ya Korea. Kama unafikiria Vietnam, hapo TEFL ina maana, hasa ikiwa digrii yako si ya ualimu. Na ukijisajili, kuna kisanduku kinachouliza jina la kuchapishwa kwenye cheti. Andika la pasipoti. Nimewahi kuona cheti cha saa 120, kizuri, kina nembo ya dhahabu, mwenyewe ameandikwa "Queen Fatty".