Wachangiaji wanatuma rekebisho moja na kupotea: nifanye nini?

SWALI: Ninatunza maktaba ndogo ya programu huria inayosoma na kusafisha faili za data. Tulianza watatu, wenzangu wawili wamebanwa na ajira, nikabaki peke yangu. Watu wapya hutuma marekebisho karibu kila wiki, lakini ni nadra kumwona mtu kwa mara ya pili. Nimeweka ukurasa wa shukrani, beji, na alama ya "kazi ya kuanzia" kwenye tiketi nyingi rahisi (tiketi ni kazi au hitilafu iliyoorodheshwa ili ishughulikiwe). Wapi! Je, nitafute fedha za kuwalipa?

JIBU: Fedha iache kwanza. Fungua marekebisho yote ya wageni ya miezi sita iliyopita, na kwa kila moja utazame zilipita siku ngapi tangu lilipotumwa hadi mwenyewe alipojibiwa na mtu. Ujumbe wa roboti ya majaribio, yaani programu inayojaribu kila rekebisho yenyewe, usiuhesabu. Kwa kuwa unakagua peke yako, sitashangaa ukikuta wiki tatu, nne.

Anayejitolea huwa na jioni moja aliyoiiba kwenye shughuli zake. Jioni hiyo msimbo wako wote umo kichwani mwake. Ukimjibu baada ya wiki tatu, ukimtaka abadilishe majina ya vigeu viwili (vihifadhi vya thamani ndani ya msimbo), tawi kuu, yaani nakala rasmi ya msimbo, limeshasonga, rekebisho lake linagongana na mengine, na ameshasahau kwa nini aliandika mstari ule. Si kwamba amekasirika. Ni kwamba unamtaka aanze upya kazi aliyokwisha kuimaliza, na jioni nyingine hana.

Kwa hiyo jibu la kwanza litoke ndani ya siku mbili, hata kama si ukaguzi kamili. "Nimeliona, nitalisoma Jumamosi" linatosha, mradi Jumamosi ulisome kweli. "Hatutalichukua, kwa sababu hii" nalo linatosha. Mtu huvumilia kukataliwa mapema kuliko kunyamaziwa. Mambo ya nafasi na mabano yaachie programu ya kupanga msimbo, isikuchoshe wewe wala mgeni. Kama rekebisho linafanya kazi na majaribio yanapita, lipokee, kisha majina ya vigeu uyanyooshe mwenyewe. Git, programu inayotunza historia ya msimbo, huhifadhi jina la aliyeandika kando na la aliyeingiza, hivyo sifa ya mtu haipotei. Ukiandika upya sehemu kubwa ya kazi yake, ongeza mstari wa Co-authored-by mwishoni mwa maelezo.

Beji sina ugomvi nazo, ila hazimshikilii mtu. Hata zile tiketi rahisi zina kasoro yake: zinamfundisha mgeni njia ya kutuma, kisha zinamwacha mlangoni. Tena huvuta wanaohesabu idadi tu. Mwaka 2020 kampeni ya Hacktoberfest, iliyokuwa ikitoa fulana kwa waliotuma marekebisho ya kutosha, iliifurika miradi kwa takataka kiasi kwamba waandaaji walilazimika kubadili utaratibu, miradi ihesabiwe pale tu wenyewe wanapokubali kushiriki. Unachokosa wewe ni kazi ya pili ya kumpa mgeni. Siku unapopokea rekebisho, mwandikie mhusika kwa jina: "Kwa kuwa umeshaielewa sehemu ya kusoma tarehe, kuna tiketi nyingine inayohusu faili hilohilo. Utaitaka?" Wengine watakataa. Anayekubali umeshampata.

Akifika kazi ya tatu au ya nne, mpe mamlaka. Mradi wa Linux, kiini cha mifumo endeshi ya kompyuta, una faili linaloitwa MAINTAINERS, linaloonyesha kila sehemu ya kiini inatunzwa na nani. Linus Torvalds, mwanzilishi wake, hasomi kila mstari unaoingia. Lugha ya programu ya Python nayo ilimtegemea mwanzilishi wake, Guido van Rossum, kwa uamuzi wa mwisho mpaka alipojiuzulu nafasi hiyo mwaka 2018, na tangu 2019 inaongozwa na baraza la watu watano linalochaguliwa. Wewe huhitaji baraza. Anza na haki ya kupanga na kufunga tiketi, kisha ukaguzi wa sehemu moja, kisha haki ya kuingiza mabadiliko kwenye sehemu hiyo.

Najua utauliza: na yule wa xz? Ni swali la haki. Mtu aliyejiita Jia Tan alichangia mradi huo wa kubana data kwa miaka, akaaminiwa hadi kutoa matoleo, na mwaka 2024 akapenyeza mlango wa siri kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Uligunduliwa na Andres Freund, aliyekuwa akichunguza kwa nini kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa njia ya SSH kumekuwa kuzito. Lakini kumbuka mtunzaji wa xz alikuwa peke yake, amechoka, na akaunti zisizojulikana zilimshinikiza aongeze mtu. Upweke ndio uliompa mdanganyifu nafasi. Tenganisha haki ya kuingiza msimbo na haki ya kutoa toleo, dai ukaguzi wa mtu wa pili kwenye tawi kuu, na vifurushi vya toleo, yaani faili wanazopakua watumiaji, vijengwe kiotomatiki kutoka kwenye msimbo ulio wazi. Sehemu iliyouamsha mlango wa siri wa xz ilikuwa ndani ya vifurushi tu, haikuonekana kwenye ghala la Git.

Turudi kwenye fedha. Ukizipata, lipia muda wa kukagua na kutoa matoleo, kazi ambayo wanaojitolea huikimbia. Kumlipa mmoja kwa kila rekebisho huku jirani yake akifanya bure ni kutafuta manung'uniko. Programu kama Outreachy na Google Summer of Code huwalipa wanaoanza, lakini zinadai mlezi mwenye saa za kutosha kila wiki, na saa ndizo huna. Subiri.

Wiki hii waandikie wale wenzako wawili. Usiwaombe warudi, waombe saa moja kwa wiki, kila mmoja akague sehemu aliyoiandika mwenyewe, maana hahitaji kujifunza upya. Akikataa, mhamishie kwenye orodha ya watunzaji wa zamani kwa heshima, ili wageni wasiendelee kumtaja na kusubiri jibu lake. Baada ya miezi mitatu, hesabu waliotuma rekebisho la pili. Nyota za mradi, alama ambazo watu huubonyezea mtandaoni kuonyesha wameupenda, ziache zilipo.