Mafunjo yanaungua ncha barazani: chunguza maji ya kisima kabla ya kuongeza

Dada, umeeleza kuwa mafunjo yako yalikuwa ya kijani kibichi siku uliyoyanunua, umeyaweka kwenye ndoo isiyotobolewa barazani kwako Kisauni, Mombasa, unayamwagia maji ya kisima asubuhi na jioni, na baada ya miezi miwili vichwa vimegeuka rangi ya chai. Walionitangulia wamekwambia uongeze maji kwa sababu huu ni mmea wa majini. Nakuomba usiongeze hayo ya kisima. Mimi nilipoteza ndoo tatu za mafunjo hapa Bamburi kwa ushauri huohuo, na iliniuma, kwa hivyo nitaandika kirefu kidogo.

Mafunjo kwao ni kwenye maji matamu. Ukifika Naivasha au ukingoni mwa Ziwa Viktoria utayaona yamesimama mengine mita nne, miguu ndani ya maji mwaka mzima. Visima vyetu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, bahari iko jirani, na vingi vina maji ya chumvi. Jua la Mombasa linapokausha maji kwenye ndoo, chumvi haiendi popote. Unajaza tena, unaongeza chumvi nyingine juu ya ile ya jana. Ziwa lina pa kuitolea. Ndoo haina.

Jaribu leo: weka kijiko kimoja cha maji ya kisima kwenye sahani ya rangi nyeusi, iache juani mpaka ikauke. Ukiona duara jeupe, umepata dalili ya chumvi au chokaa. Kisha tazama ukingo wa ndoo yako kwa ndani. Yangu ilikuwa na utando mweupe, nikiukwaruza kwa ukucha unatoka kama unga wa chokaa. Na tazama kichwa chenyewe kwa karibu, uzi mmoja mmoja. Chumvi inaunguza ncha kwanza, halafu ukahawia unateremka taratibu, huku chini uzi bado ni kijani. Kukosa maji nako kunaweza kukausha ncha, lakini ndoo yako isiyotobolewa unaijaza asubuhi na jioni.

La kufanya sasa. Mwaga maji yote. Jaza maji matamu, acha usiku kucha, mwaga, rudia mara tatu. Maji ya mtungi wa mkokoteni ni ghali, najua, lakini kwa ndoo moja hii ni gharama ya mara moja tu. Shina lililokwisha kuwa kahawia halirudi kijani, likate chini kabisa karibu na udongo. Usikate katikati ukitarajia lichipue, halichipui. Machipukizi mapya yanatoka kwenye lile shina nene linalolala matopeni, yanachomoza kama mishale, na kwangu ya kwanza yalionekana wiki ya tatu.

Baada ya hapo tegemea mvua. Paa la mita 10 za mraba likinyeshewa milimita 10 tu linakupa karibu lita 100, na masika yetu, hasa mwezi wa Mei, yanajaza pipa mara nyingi. Mvua ya kwanza iache ioshe mabati, kwa sababu upepo wa bahari unaacha chumvi na vumbi pale juu. Ile inayofuata ndiyo uikinge. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, pipa likipungua mimi huchanganya nusu ya mvua na nusu ya kisima, na kila wiki mbili namwaga yote na kuanza upya. Kwa mwendo huo mmea unavumilia.

Kuhusu udongo, nimeona watu wanatandaza mchanga wa pwani na vipande vya matumbawe juu ya ndoo kwa urembo. Mchanga ule una chumvi, matumbawe ni chokaa tupu, na machipukizi yanatoka ya manjano. Tumia udongo mwekundu, samadi iliyooza sawasawa kiasi cha konzi mbili, na kokoto nyeusi za ujenzi juu. Samadi ikizidi maji yanageuka kijani na kunuka.

Hili la mbu lisipuuzwe. Mji huu umeugua dengi na chikungunya, na mbu wanaozieneza wanapenda hasa maji yaliyotuama kwenye vyombo vya nyumbani. Yai linaweza kuwa mbu kamili ndani ya siku saba hadi kumi. Nimetia samaki wadogo wa gapi watatu kwenye kila ndoo na viluwiluwi sivioni tena. Kama hutaki samaki, jaza kokoto hadi maji yabaki chini yake, usiache uso wa maji wazi. Pipa la mvua nalo lifunike kwa wavu.

Mwisho, mafunjo yale makubwa kwenye baraza yanateseka, upepo wa kusi unayavunja shingo. Kwa ndoo ningekushauri ndugu yake mfupi, yule mwenye majani yaliyotandazwa kama mwavuli. Wote ni ukoo mmoja na ndago tunayoing'oa shambani. Kumzidisha ni rahisi: kata kichwa pamoja na kipande cha shina urefu wa kidole, punguza majani yabaki nusu, kisha kigeuze juu chini ndani ya glasi ya maji ya mvua, kivulini. Mizizi midogo myeupe inatokea pale kati majani yanapokutana. Ninavyo vitano dirishani vimeshatoa mizizi. Ukiwa tayari umesafisha ndoo yako, niambie, nitakuwekea viwili.