Kabla ya kuomba nafasi ya warsha ya demografia, fungua data kwanza

Maombi mengi ya warsha hukwama mahali pamoja: mwombaji ana mada, hana swali. "Mimba za utotoni Uganda" ni mada. Swali ni kama hili: je, wasichana wa Karamoja waliomaliza darasa la saba huchelewa kupata mtoto wa kwanza kuliko ambao hawakumaliza? Anayesoma ombi hilo anajua utahesabu nini, na kwa akina nani.

Data ipo, wala hailipiwi. IPUMS, hifadhi ya mtandaoni ya data za sensa, ina sampuli za sensa za Uganda za 1991, 2002 na 2014. Utafiti wa demografia na afya (DHS) wa 2016 ulihoji wanawake 18,506 wa miaka 15 hadi 49. Jisajili, eleza mradi wako kwa aya moja inayoeleweka, pakua faili, kisha ndipo uandike ikisiri. Ukikaa kungoja warsha ikupe data, utatumia siku zote ukisafisha faili huku wenzako wakichora majedwali.

Swali lako lisizidi uwezo wa sampuli. DHS ya 2016 inatoa makadirio ya kanda 15, si ya kila wilaya. Ukiahidi kiwango cha uzazi cha wilaya ya Kisoro, mkaguzi mwenye uzoefu hatavuka aya ya kwanza. Vivyo hivyo usiahidi umbali kamili wa kutoka nyumbani hadi kliniki: alama za ramani husogezwa kwa makusudi ili kulinda siri za watu, hadi kilomita 2 mjini na 5 vijijini, na chache za vijijini hufika 10.

Ukishafungua faili la DHS, gawanya safu ya v005 kwa 1,000,000 upate uzani, yaani uzito wa kila aliyehojiwa katika hesabu. Usipoutumia, kanda ndogo zilizohojiwa kwa wingi zitavuta wastani wa nchi nzima upande wao. Tarehe zimeandikwa kwa hesabu ya miezi tangu 1900: toa 1900 kwenye mwaka, zidisha kwa 12, ongeza mwezi. Juni 2016 ni 1398.

Kisha hesabu watoto waliozaliwa kila mwaka. Mama mwenye mtoto aliyezaliwa tangu Januari 2011 huulizwa maswali marefu ya afya, na mhoji aliyechoka hushawishika kuandika kuwa mtoto alizaliwa 2010 ili ayakwepe. Ukiona 2010 imevimba na 2011 imenywea, usishangilie kushuka kwa uzazi. Kagua pia umri unaoishia na 0 au 5, maana huko ndiko watu wasiojua mwaka wao wa kuzaliwa hukimbilia.

Ukitaka kuhoji watu mwenyewe, kibali cha kamati ya maadili hutangulia, halafu cha UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia la Uganda. Anza hayo kabla hujapanga nauli ya kwenda kijijini. Kwa data ya watu wengine iliyofichwa majina, uliza kamati ya chuo chako kama unahitaji barua ya msamaha, yaani ya kukuondolea sharti la kibali. Baadhi ya majarida huidai, na kuipata baada ya kazi kwisha ni usumbufu mtupu.