German Shepherd kwa Chanika? Nisikilize kabla hujatoa laki zako

Mkuu, nimesoma swali lako. Umehamia Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, nyumba imeisha ila uzio bado ni michongoma, vibaka wameshaanza kukuzoea, na unataka uambiwe ununue mbwa wa aina gani: German Shepherd, Rottweiler au Boerboel. Majina umeshatajiwa ya kutosha na waliokujibu kabla yangu. Mimi nimefuga mbwa tangu niko kwa wazazi Moshi hadi sasa niko Goba. Nimeishi na German Shepherd, na chotara wake, na hawa wetu wa kienyeji. Jibu langu litakukera kidogo: kwa mazingira uliyoeleza, chukua jike wa kienyeji au chotara, na hela itakayobaki ipeleke kwenye kupe na chanjo.

Kwanza kupe, maana ndipo wengi wetu tunapozikwa. Kupe wa mbwa, yule wa kahawia, anapenda kuishi ndani ya makazi ya mbwa. Yuko kwenye nyufa za banda, nyuma ya plasta iliyopasuka, chini ya lile godoro bovu ulilomtandikia. Ananyonya, anadondoka, jike anataga mayai kwa maelfu, na watoto wakianguliwa wanampanda mbwa yule yule. Ndiyo maana mtu anamwogesha mbwa kwa dawa Jumamosi, wiki inayofuata masikio yamejaa tena, basi anasema dawa ni feki. Dawa inaweza kuwa nzima kabisa, ila banda hakulipulizia.

Kupe huyo anaambukiza magonjwa mawili uyajue kwa majina: erlikia na babesia. Mbwa anaacha kula, anachemka mwili, ufizi unapauka, mkojo unageuka rangi ya chai, wengine wanatokwa damu puani. Na hapa ndipo German Shepherd anaponyimwa bahati: erlikia humshika vibaya kuliko mbwa wa aina nyingi. Dume wangu, Simba, alianza kwa kuwa mvivu tu, nikadhani ni joto la Januari. Siku alipoacha matone ya damu kwenye sakafu ya baraza nilimkimbiza kwa daktari wa mifugo, akapimwa damu, akapewa antibiotiki ya doksisaiklini. Dozi yake ni ndefu, kama wiki nne, na mbwa anaanza kuchangamka siku za mwanzo kabisa. Watu wengi wanaishia hapo. Usiishie hapo, malizia, vinginevyo ugonjwa unajificha kwenye damu na kurudi baadaye akiwa hana nguvu ya kupambana.

Kuzuia: kuna vidonge vya kutafuna vya mwezi mmoja, vingine vya miezi mitatu. Ni ghali ukivitazama dukani, lakini linganisha na gharama ya drip. Usichukue dawa ya kuogeshea ng'ombe ukamkadiria mbwa kwa kifuniko cha soda, na kama una paka nyumbani kuwa makini zaidi, dawa za jamii ya pamethrini zinaua paka. Pia, wale wanaokushauri umchome ivermektini, dawa ya minyoo na wadudu, kwa kila kitu, kuna mbwa wa jamii ya Collie na machotara wao ambao dawa hiyo huwapanda kichwani hadi kufa. Chotara uliyeuziwa barabarani huwezi kujua babu yake alikuwa nani.

Sasa hao wauzaji. Utaonyeshwa kitoto kizuri kama mdoli, masikio yamelala, utaambiwa "yatasimama tu bosi". Kwa German Shepherd halisi masikio kweli husimama taratibu, mara nyingi kati ya mwezi wa tatu na wa sita, kwa hiyo hilo lenyewe si kosa. Kosa ni kukataa kukuonyesha mama yake. Ukimwona mama unajua ukubwa, unajua hasira zake, na unajua kama anachechemea nyuma, kwa sababu aina hii ina tatizo la nyonga linalorithiwa. Uliza tena umri. Kitoto kinatakiwa kukaa na mama angalau wiki nane. Wengi wanauzwa wakiwa na wiki tano kwa sababu wakikaa wanakula hela ya muuzaji.

Halafu ukiambiwa "huyu ameshachanjwa", omba kadi. Sindano moja haijamaliza kazi. Chanjo ya pamoja, ambayo ndani yake kuna parvo, huanza kwenye wiki ya sita hadi ya nane, na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16. Kinga aliyonyonya kwa mama huizuia chanjo ya mapema isifanye kazi vizuri, ndiyo sababu ya kurudia. Parvo ni kuhara damu na kutapika, na kitoto kinaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Kirusi chake kinakaa kwenye udongo miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Kwa hiyo kama jirani aliyekuuzia kiwanja alikuwa na watoto wa mbwa waliokufa kwa kuhara, usilete kitoto hapo. Leta mbwa mkubwa aliyekwisha kuchanjwa.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kuanzia miezi mitatu, kisha kila mwaka. Baadhi ya halmashauri huchanja bure au kwa bei ndogo karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ulizia kwa afisa mifugo wa kata. Na mtu yeyote akiumwa na mbwa usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Kuhusu aina ulizotaja nitasema kwa kifupi. Boerboel ni mbwa wa wakulima wa Afrika Kusini, dume akikomaa anaweza kuvuka kilo 70, na kwa uzio wa michongoma ni kesi inayokusubiri polisi. Rottweiler ni mwaminifu, ila anahitaji mtu wa kumfundisha tangu mdogo, siyo shamba boy anayebadilika kila miezi miwili. Kama lazima uwe na mbwa mwenye jina, mtafute Ridgeback: ana damu ya mbwa wa Wakhoikhoi, wenyeji wa kusini mwa Afrika, viwango vyake viliandikwa Bulawayo mwaka 1922, na manyoya mafupi yanahimili joto letu. Kuna rafiki yangu alitaka Basenji kwa sababu asili yake ni Kongo, nikamwambia huyo habweki, sasa atakuamsha na nini?

Kadogo, jike wangu wa kienyeji, ana kilo kidogo tu na hana sura ya kumtisha mtu. Lakini ndiye anayesikia geti la tatu likifunguliwa. Usiku mmoja vibaka waliruka ukuta, yeye ndiye aliyeipigia kelele mtaa mzima huku Simba akiwa amelala chini ya gari akihema. Kwa mwizi wa Chanika unahitaji kelele mapema na taa kuwaka, basi.

Ila usimfunge mnyororo mchana kutwa. Mbwa wa hivyo anakuwa na hasira na kila mtu, na siku mnyororo ukikatika anayeumia ni mtoto wa jirani. Jenga banda lenye kivuli na upepo, paa la bati peke yake ni tanuri, na maji yawepo muda wote. Na majirani zako wengi watakuwa Waislamu, wengine watakuja kwako kwa msiba au kwa harusi. Mate ya mbwa kwao ni najisi, mtu akilambwa ana kazi ya kujitwaharisha mara saba, mojawapo kwa udongo. Wala hawakatazi kufuga mbwa wa ulinzi. Weka banda nyuma, mfungie wageni wakija, mtaishi vizuri.

Chakula: ugali wa dona na dagaa unatosha kama umezidisha dagaa, maana wengi wetu tunampa mbwa ugali wenye harufu ya samaki. Ongeza mapafu ya ng'ombe au vichwa vya kuku. Mahindi yaliyoota ukungu usimpe kwa kisingizio kwamba ni mbwa; ni sumukuvu ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na ini la mbwa halina ubavu nayo. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, inavunjika vipande vyenye ncha. Vitunguu na chokoleti hapana. Akichechemea usimpe diklofenaki yako ya mgongo.

Mlishe mtu mmoja, bakuli moja, sehemu moja, na umzoeshe kutokuokota chini. Wezi wa huku hurusha nyama yenye sumu siku moja au mbili kabla ya kuja. Ukimkuta mbwa anatetemeka na kutoa povu, mpeleke kwa daktari na kipande kilichobaki ukibebe kwenye mfuko. Mambo ya kumnywesha maziwa kwa nguvu yanamkaba.

Jike utamhasi. Usipofanya hivyo, madume yote ya Chanika yatalala kwenye michongoma yako, na baada ya siku 63 hivi utakuwa na vitoto vya kugawa.

Niambie mchana nani anabaki nyumbani na kama kuna watoto wadogo. Goba kuna mtu ana chotara wa miezi minne, jike, kadi ipo na mama yake yupo pale pale utamwona.