Kwa mnaoanza kazi ya saiba hapa Amu (Lamu)

Vijana wengi wanaokuja kuomba kazi saiba, yaani hili duka letu la kompyuta na mtandao, baada ya mtihani wa kidato cha nne wananishinda kwa kompyuta. Wanahariri video kwenye simu, wanaandika kwa vidole kumi, wanajua programu iliyotoka juzi kabla mimi sijaisikia. Hilo halina neno. Ninachohangaika kuwafundisha ni kwamba kwenye kaunta hii watu huacha vitu ambavyo nyumbani huvifungia kabatini: kitambulisho, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, hati ya shamba, picha za harusi. Mzee anashuka kutoka Matondoni, anakukabidhi simu yake nzima na kukwambia, "Nifanyie, mwanangu." Ukiingia kazini kwa nia ya kuonyesha ujuzi, utamponza bila kukusudia.

Kwa hiyo programu mpya ikiletwa hapa huwa nauliza mawili. Inafanya kazi mtandao ukikatika? Na faili ya mteja inabaki mezani petu, au inapakiwa kwa mtu tusiyemjua?

Chukua PDF. Mteja ana picha nne za vyeti, na tovuti ya kuombea kazi inataka faili moja iliyo ndogo. Kijana mgeni atafungua Chrome, atatafuta tovuti ya kuunganisha PDF bure, na kufumba na kufumbua kitambulisho cha watu kimeshafika kwenye seva ya nchi nyingine. Huenda wakakifuta baada ya saa moja kama walivyoahidi, huenda wasikifute. Ya nini kubahatisha? PDFsam Basic huunganisha na kutenganisha kurasa hapa hapa kwenye mashine bila bando hata kidogo. Ukitaka kupunguza picha, Paint iliyomo ndani ya Windows inatosha: bofya Resize, weka asilimia 40, kisha hifadhi kwa jina jingine ili ile ya asili isiguswe. IrfanView hupunguza picha mia kwa mkupuo mmoja na hata mashine kongwe huibeba bila kulalamika, lakini ni ya bure kwa matumizi yasiyo ya biashara tu. Duka linatakiwa kulipia leseni. 7-Zip ya kubana mafaili na VLC ya kuchezea video hazina sharti hilo. Someni leseni, jamani. Hiyo "bure" ina masharti mengi.

Anwani za serikali ziandike mwenyewe kwa mkono, usizitafute. Hili nalisema zaidi kwa ajili ya wenye nyumba za wageni kule Shela. Tangu Januari 2024 wageni wengi wanaoingia Kenya wanahitaji eTA, kibali cha safari kinachoombwa mtandaoni, badala ya viza, na ukitafuta kwenye Google unaweza kuletewa juu kabisa matangazo ya mawakala wanaotoza zaidi kwa fomu ile ile. Ya serikali ni etakenya.go.ke. Mwisho wa anwani ndio wa kutazama: .go.ke, na si kitu kinachofanana nayo.

Mwezi wa Juni mtaijua saiba vizuri, kwa sababu tarehe 30 ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani za KRA, yaani taarifa za mapato kwa mamlaka ya kodi, na watu wa hapa huja tarehe 28. Foleni ikifika nje msishawishike kumjazia kila mtu ritani ya sufuri, ile ya kusema hakupata kitu, kwa kuwa ni ya haraka. Ulizeni kwanza kama alikuwa na mshahara au biashara mwaka uliopita. Akiwa nayo, ritani ya sufuri ni maelezo ya uongo yenye jina lake, na wewe ndiye uliyeyaandika.

Kila mteja afunguliwe dirisha la faragha: kwenye Chrome ni Ctrl, Shift na N kwa pamoja. Akimaliza, lifunge hilo dirisha mbele yake. Sanduku linapouliza kama lihifadhi neno la siri, jibu ni hapana siku zote. Aliyefungua WhatsApp kwenye kompyuta yetu, mkumbushe aingie kwenye simu yake, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, ahakikishe ametoka. Na jioni kabla ya kufunga, folda ya Downloads na ile ya skana zibaki tupu, na kapu la taka vilevile. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na inazihusu hata biashara ndogo zinazoshika taarifa za watu.

Kuna jambo ambalo sheria hiyo haikulitaja kwa jina lakini mimi nalitaja kila wiki: karatasi za bajia. Fotokopi iliyotoka imepinda au wino umefifia hutupwa kwenye boksi, boksi likijaa hupewa mama wa jirani afungie viazi karai. Nimewahi kununua bajia Langoni zilizofungwa kwa kitambulisho cha mtu, mbele na nyuma, namba inasomeka vizuri. Karatasi yenye jina au sura ya mtu ichanwe vipande vidogo, au ikatiwe makasi kwenye namba na picha. Mama wa bajia apewe magazeti ya zamani, yapo tele.

Sasa picha za harusi, na hapa nitakaa kidogo.

Msimu wa harusi lazima mtaletewa kadi ya kamera iliyofutwa kwa bahati mbaya. Cha kwanza, isipigwe picha nyingine hata moja. Picha ikifutwa haiondoki pale pale. Kinachoondoka ni ile alama inayosema iko wapi, na nafasi yake inahesabiwa kuwa wazi. Ukipiga picha mpya ndipo ya zamani inapoandikiwa juu. Programu yetu ni PhotoRec, ya bure, inakuja pamoja na TestDisk. Sura yake inatisha wageni: maandishi meupe kwenye weusi, unachagua kwa mishale ya kibodi. Chagua kadi, chagua aina ya mafaili, halafu chagua pa kuyaweka, na pawe kwenye diski nyingine, kamwe isiwe kadi ile ile. Haisomi majina ya zamani, inatambua picha kwa namna faili lake linavyoanza, kwa hiyo zinarudi zikiwa na majina ya herufi f na tarakimu nyingi, mpangilio hakuna, na kati yake zimo nyingine zilizofutwa zamani kabisa ambazo mwenyewe amezisahau.

Hapo ndipo adabu inapoingia. Picha za kupamba, ile sherehe ya kumpamba bibi harusi, ni za kina mama peke yao. Waliofunua nywele walifunua wakijua mwanamume hayupo. Kijana wa kiume haketi kuzikagua kama zimetoka vizuri, hata vile vijipicha vidogo havitazami. Unaanzisha kazi, unageuza skrini ielekee ukutani, unamwita dada wa zamu, au mwenye kadi mwenyewe anaketi kwenye kiti na wewe unamwelekeza kwa mdomo ukiwa upande wa pili wa meza. Zikishahamia kwenye flashi yake, folda ya kwetu inafutwa yeye akiona. Nimemwachisha mtu kazi kwa jambo hili, na familia ile haikupata kujua kwa nini.

Simu zilizoanguka baharini huletwa zaidi kuliko zilizoibwa. Mtu anapanda boti pale gatini, simu iko mfuko wa shati, anainama, imekwenda. Wakiitoa hukimbilia mchele. Mchele haukaushi chochote cha maana. Apple wenyewe walishaonya 2024 kwamba usiitie simu kwenye mchele, maana vumbi na chembe zake huingia ndani. Na maji ya chumvi yana balaa lake: yakikauka chumvi inabaki, na chumvi ndiyo inayokula shaba. Kwa hiyo izime mara moja, na kama ni kabambe, simu ndogo ya vitufe, toa betri papo hapo. Isuuze kwa maji baridi safi yasiyo ya chumvi. Najua moyo unakataa kuitia maji simu iliyoharibiwa na maji, lakini fanya. Ifute, isimamishe tundu la chaja likielekea chini mbele ya feni, na usiichomeke chaja. Usijaribu kuiwasha "kuona tu". Kisha mpelekee fundi aifungue na kuisafisha kwa spiriti ya isopropili, mbali na chuma cha kulehemu kwa sababu spiriti ile hushika moto upesi.

Betri iliyovimba haibonyezwi irudi ndani. Haitobolewi. Inakaa kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu, nje, hadi itakapokwenda kwa anayezichukua. Na simu haichajiwi juu ya godoro wala chini ya mto. Nyumba zetu zina boriti juu ya kichwa na makuti juu ya boriti, na vichochoro vya Mkomani punda wawili wakikutana mmoja anarudi nyuma. Gari la zimamoto lipite wapi?

Stima ikikatika, chomoeni printa na mashine zote zisizo kwenye UPS, lile boksi la betri ya akiba. Ikirudi subirini itulie kwanza.

Kuhusu M-Pesa, namba ya siri ya mtu usiishike hata ukibembelezwa. Mama mtu mzima atakwambia, "Niwekee tu baba, mimi sioni." Mkuzie maandishi, mwekee simu mkononi, geuza uso. Akishindwa kabisa aje na mjukuu wake. Jina linapotokea kabla ya kutuma, msomee kwa sauti na umwulize kama ndiye. Pesa zikienda kwa mwingine, ujumbe ule wote autume kwa 456 hapo hapo. Mteja akikuonyesha ujumbe kwamba amelipa, usisome simu yake. Tazama simu ya duka. Anayepiga akisema ni Safaricom huku namba si 0722 000 000, mwambieni mteja akate. Wafundisheni pia *106#, inayoonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao, na *100*100#, inayozuia laini isibadilishwe kwa wakala bila wao kujua. Watu hushangaa sana kukuta laini wasizozijua.

Si yote ni ya kuogopesha. Rimoti ikiletwa kuwa imekufa, ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu na ubonyeze kitufe: kwenye kamera nyingi utaona taa inamweka ambayo jicho halioni. Ikimweka, huenda tatizo ni runinga. Phyphox, programu ya simu iliyotengenezwa na chuo kikuu cha Aachen kule Ujerumani, hugeuza vipimo vilivyomo ndani ya simu kuwa maabara. Wanafunzi huitumia hapa kutafuta misumari ndani ya milango ya kuchongwa kwa kipimo cha sumaku, na wanajifunza fizikia bila kujijua. Kiwix hukupa Wikipedia nzima ya Kiswahili ndani ya flashi, bila mtandao. Hiyo mpeni mwalimu yeyote anayekwenda kufundisha visiwani.

Flashi zenyewe ndizo zinazotuletea maradhi. Mtu anaichomeka, anaona folda zake zote zimegeuka njia za mkato, anabofya moja, na mashine yako nayo imeambukizwa. Mafaili yake hayajapotea, yamefichwa tu. Usibofye. Fungua Command Prompt, na kama flashi ni E andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kisha ubonyeze Enter. Folda zitajitokeza, utafuta zile njia za mkato, na Defender, kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows, imalizie kazi.

Afadhali hata hivyo flashi ngeni isianzie kwenye Windows. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine zetu mbili za nyuma hazina nguvu ya kubeba Windows 11, kwa hiyo nimezitia Linux Mint, mfumo mwingine wa bure wa kuendeshea kompyuta. Virusi vya njia za mkato vimetengenezewa Windows, huko havina pa kushika. Flashi ya mteja huingia kwenye mojawapo ya hizo kwanza, inakaguliwa, ndipo ipelekwe kwenye mashine ya printa. Akilalamika kwamba anacheleweshwa, mpe kiti.