Kanunue Kiwanja na Mwavuli Mkononi

Ijumaa iliyopita tulikuwa tumeshaanika majamvi, tunaambiana masika yamekwisha. Kipupwe kimeingia, kusi linavuma, watu wanalala na shuka mbili, na mvua tuliyokuwa tukiitarajia ni ule mchoo wa kupita njia, unanyesha robo saa ukaenda zake. Badala yake ilishuka mvua tokea baada ya Alasiri mpaka watu wanatoka Isha, tena haina haya. Nusu ya mtaa ulikesha. Kwangu maji yalipanda ngazi ya kwanza, yakapanda ya pili, yakaigusa ya tatu kwa ncha, yakasimama. Ngazi zangu ni nne. Nilikaa barazani na kikombe cha chai ya tangawizi nikiyatazama kama unavyomtazama mdai uliyekwisha kumlipa.

Nikapiga picha, nikaiweka hapa. Ndiyo, nilijisifu. Aliyeamka kama nilivyoamka mimi mwaka 2017 ana ruhusa ya kujisifu kidogo.

Asubuhi nikakuta ujumbe wa msomaji, binti wa Kizanzibari anayefanya kazi Muscat: "Da, kaka yangu kanitumia video ya kiwanja huko Fuoni, bei ya kutupa, mwenyewe ana haraka. Pesa ninazo. Nitume?" Na video yenyewe kaniletea. Nimeitazama mara tatu. Jua la saa saba, ardhi nyeupe, mbuzi mmoja kalala katikati kama tajiri. Pembeni kabisa, pale kaka alipozungusha simu kwa haraka, nikaona majimbi, mmea unaopenda penye maji.

Majimbi! Mdogo wangu, ziweke pesa zako kwanza nikuhadithie.

Nilinunua changu Januari 2016. Nilikuwa nimechoka kupanga, kama ulivyochoka wewe na kama mlivyochoka nyote mnaosoma hapa, maana hakuna mwenye akili timamu asiyetaka pa kwake. Miaka kumi na moja nashona. Charahani moja ikawa mbili, mbili zikawa nne. Tulicheza michezo miwili ya upatu kwa pamoja, mkufu wangu wa harusi ukaenda kwa sonara, na mume wangu akauza vespa akawa anakwenda kazini kwa daladala. Dalali akatupeleka Fuoni, upande wa Kibondemzungu. Kaskazi kavu, ardhi imepasuka kama kisigino. Akaipiga teke, vumbi likapanda. "Mnaona? Kavu kama biskuti."

Na jina lenyewe ni Kibonde! Kama jina lina ukweli, Mzungu alipita akaliona bonde, na mimi niliyezaliwa Unguja nikasimama ndani yake nisilione.

Siku ya kupima palikuwa na bibi mmoja anachimba majimbi yake hatua chache kutoka kwenye kamba zetu. Alisimama, akapangusa jembe kwa kidole, akatuuliza, "Mnajenga hapa hapa?" Nikamwambia ndiyo bibi, tuombee dua. Akatazama kamba, akatutazama sisi, akarudia, "Hapa hapa?" Kisha akajitwika pakacha lake akaondoka. Sikumfuata. Ningempa shilingi elfu tano ya sabuni na kumwomba akae chini anieleze, leo nisingekuwa na cha kuandika.

Aliyesema waziwazi ni wifi yangu. "Huku maji yanapita." Nilimjibu kwamba ana choyo, hataki kaka yake awe na kwake. Nimeandika, mmesoma, tuendelee.

Masika ya mwaka ule hatukutia mguu kiwanjani hata siku moja. Tulikuwa tunakusanya pesa, tena tunashukuru kwamba hatujaanza, mvua ingetuharibia saruji. Hilo ndilo kosa hasa, kubwa kuliko kununua. Miezi mitatu ya mvua ardhi ilikuwa inasema siri zake zote na mwenye ardhi yuko Mikunguni anakata vitambaa. Ujenzi sitausimulia, kila aliyejenga anaujua: fundi anayeumwa kila Jumatatu, mchanga wa lori unaofika nusu lori. Januari 2017 tukahamia. Vyumba viwili na ukumbi, dari bado, furaha tele.

Mvua za Mei 2017 mnazikumbuka, zilizoipiga Unguja na Pemba. Ulikuwa mwezi wa Shaabani na nilikuwa nalipa siku zangu za Ramadhani iliyopita, kwa hiyo niliamka saa kumi ya usiku nile daku. Nikashusha mguu kutafuta ndara. Mguu ukaingia majini mpaka kwenye kifundo. Kwa sekunde mbili nilidhani naota, kisha nikasikia kitu kinagonga mguu wa kitanda, tk, tk, tk, kwa utulivu kabisa. Ilikuwa ndara niliyokuwa naitafuta.

Umeme umekatika. Nikawasha simu. Chupa ya chai ilikuwa inaelea ukumbini, inazunguka polepole kama mgeni anayekagua nyumba. Mume wangu aliuchukua Msahafu kwanza, akaupandisha juu ya kabati, kisha watoto juu ya meza, kisha charahani. Maji ya mvua hayanuki, lakini yale yalinuka, kwa sababu karo zote za vyoo vya mtaa zilikuwa zimefurika na yote yamekuwa maji mamoja. Gunia la mchele nililoliweka kwa ajili ya Ramadhani lilivimba mpaka likapasua mshono. Na ndani ya kapu la chini kulikuwa na madira saba ya wateja, ya Idi. Mwanangu wa kiume, alikuwa na miaka sita, alitia ile ndara majini akaifanya dau, akawa anaisukuma kutoka mlango wa mbele mpaka wa uwani. Yeye peke yake ndiye aliyecheka usiku ule.

Kulipokucha tukatoka nje tukaonana. Watu wa kwetu hawaitukani mvua. Mvua ni rehema, hata ikikufika kiunoni utasikia "alhamdulillahi, lakini imetosha." Mzee mmoja wa msikiti wetu alisimama juu ya ukuta wa uwani, kanzu kaikunja magotini, anaomba "Allahumma hawalaina wala alaina", iwe pembezoni mwetu isiwe juu yetu. Mkewe akampigia kelele kutoka dirishani aongeze kwamba huko pembezoni pasiwe Tomondo, kwani ndiko kwa mama yake. Vijana walishafungua biashara: elfu moja kuvushwa mgongoni mpaka barabarani, elfu mbili kuvushiwa vespa. Mmoja anamtafuta sheha, kiongozi wetu wa mtaa, mwengine anapiga picha. Jirani wa nyuma alikuwa amejenga ukuta mwaka ule ule, tena amejenga juu ya njia ya maji, na asubuhi ile alisimama pembeni ya ukuta wake anamlaumu kila mtu, ila yeye. Kipindupindu kilikuwa kimetutikisa mwaka mmoja tu nyuma, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuhubiriwa kuchemsha maji. Makaa yalikuwa yamerowa.

Wifi alikuja Adhuhuri, buibui kalifunga kiunoni, sufuria ya wali kichwani. Hakusema neno. Alitubeba sote, akatupa chumba, tukafunga Ramadhani nzima kwake. Lakini siku ya tatu, mbele ya wageni, alisema, "Si niliwaambia, huku maji yanapita." Alisema taratibu, hata bila ya kunitazama. Ni miaka mingi sasa na bado nikikaa kimya naisikia ile sauti. Najua haki ilikuwa yake. Angeweza kuningojea tukiwa wawili jikoni.

Madira yote saba nililipa. Hakuna mteja wa kusimama leo aseme sikumlipa.

Tulirudi baada ya Idi, tukaanza kuinyanyua nyumba kutoka ndani: kifusi cha mawe, kokoto, sakafu mpya, kozi nne juu ya ile ya zamani, na baraza yenye ngazi nne mbele. Ukipandisha sakafu, nyumba haipandi nayo. Madirisha yangu sasa yako usawa wa magoti, mtoto akikaa chini anaona barabara yote. Milango imekuwa mifupi. Wifi yangu ni mrefu, kwa hiyo kila akija kwangu anainama. Sikuipanga hivyo. Lakini siwezi kusema kwamba inanikera.

Sasa nisikilizeni, maana pesa niliyoifukia mimi kwenye kifusi inatosha kumaliza chumba kizima na sitaki na nyinyi muifukie.

Kiwanja hakitazamwi kiangazi. Kiangazi kila bonde ni uwanja wa mpira. Nendeni wakati mvua inanyesha, si kesho yake. Inanyesha, na nyinyi mmesimama kati kati. Kama hamna muda wa kungojea masika, ngojeni mvua yoyote kubwa ya vuli. Kama hamna muda wa kungojea vuli, basi hamna muda wa kujenga. Tazameni nyumba za jirani, kule chini kabisa ya ukuta: mstari wa tope haudanganyi, hata ukipakwa chokaa unarudi kutokeza kama doa la mafuta. Tazameni kinachoota. Majimbi, matete, mpunga wa mtu, hivyo vyote ni mashahidi. Na muulizeni anayelima hapo, si anayeuza. Kisha mkimaliza kuuliza, nendeni tena wakati mvua inanyesha.

Msikilize na majina. Ziwani, Mtoni, Bwawani, Kibonde: wazee hawakuyatoa kwa mchezo. Darajani leo hakuna daraja, lakini lilikuwapo, maana mkondo wa bahari uliingia kutoka Funguni ukautenga Mji Mkongwe na upande wa pili, na ndiyo ule upande ukaitwa Ng'ambo. Mkondo ukafukiwa, barabara ikapita juu, daladala zikapaki. Sisi tumesahau, maji hayajasahau. Unguja yetu upande wa mashariki ni maweni, mvua inaingia kwenye matundu ya mawe inapotea. Huku magharibi tunakogombania viwanja kuna udongo mzito na mabonde, na mabonde yale yalikuwa yanalimwa mpunga. Leo tumeyajaza nyumba, kila uwani umesakafiwa, kila mtu kaweka ukuta wake, halafu tunashangaa maji yamekwenda wapi. Yamekuja kwako! Na mitaro tunayochimbiwa tunaijaza chupa za maji na pampasi. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku, lakini pampasi moja ya mtoto ikikaa mdomoni mwa mtaro ina nguvu ya magunia mawili ya mchanga. Nimezitoa kwa mikono yangu, najua ninalolisema, na najua hata ni za nyumba ipi.

Sikilizeni pia Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotangaza. Mei 2024 waliposema kimbunga Hidaya kinakuja, kuna waliocheka. Mimi nilipandisha magodoro juu ya kabati tokea Alkhamisi. Boti zilisimama, kimbunga kikaishiwa nguvu kule Mafia, na Jumapili wale waliocheka wakanicheka tena, mimi na magodoro yangu. Sawa, nicheke nikiwa mkavu. Mume wangu ni Mpemba na yeye huwa ana lake: kimbunga cha 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tokea hapo karafuu zikawa zao. Husimulia kama vile yeye ndiye aliyekizuia kwa mkono. Humwambia, basi ulipochagua mke ungebakia huko huko.

Mnaniona mkali. Ndiyo. Watu wanakopa, wanauza dhahabu, wanalala njaa Uarabuni, kisha wananunua bwawa kwa sababu limekauka siku waliyopita. Kisha mvua ikinyesha tunasema mtihani wa Mungu. Mtihani upo. Lakini mwengine tumeutungia maswali wenyewe.

Basi mdogo wangu wa Muscat nilimjibu juzi: mwambie kaka aende leo, huku kunanyesha, asimame pale alipolala mbuzi, apige video dakika tano bila ya kuzungusha simu. Asipige ardhi tu, apige na miguu yake.

Amenijibu jana usiku. Kaka kasema amekubali, kiwanja atakwenda kukirikodi vizuri kabisa, na atakwenda mapema, mara tu mvua itakapokatika na barabara ikipitika.